Asali kwenye Mguu wa Bibi

Likizo ile ya Desemba nilipewa kazi ambayo sikuiomba: kumfunga bibi kidonda kwa asali. Asali kweli, ya mzinga wa babu kule Mbulumbulu. Kidonda kilikuwa kwenye muundi, kipana kama kiganja changu, na tangu mavuno hakikuonyesha dalili ya kupona. Dawa zahanati zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo nesi alituagiza tulete asali. Akaichuja, akalowesha shashi mbele yangu, akaiweka juu ya kidonda na kufunga bendeji.

"Asali inaua vijidudu," aliniambia, "na kidonda kikibaki na unyevu, nyama mpya inaota vizuri. Ukishafunga kisifunguliwe mpaka kesho yake. Mkirudi baada ya Krismasi kikawa bado kinanuka, namwandikia aende hospitali kubwa."

Bibi alisikia hospitali tu. Njiani, akiwa juu ya punda, alisema huko watamkata mguu. Babu aliyekuwa anamvuta punda akasema basi tutakuwa tunanunua kiatu kimoja. Akala fimbo ya bega.

Kila asubuhi nilichemsha maji ya chumvi, yakipoa naosha, naweka asali, nafunga. Nilijiona nesi kabisa. Lakini jua likipanda tu, bibi anakaa kwenye kigoda uani, anafungua bendeji, anaunyoosha mguu juani.

"Kidonda lazima kikauke, kishike kigaga," alisema.

"Lakini bibi, nesi alisema..."

"Nesi mwenyewe mtoto wa juzi. Sema kweli, mke mwenzangu. Unataka nikatwe mguu ubaki na mzee peke yako."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikitaniwa nakosa maneno, uso unawaka moto, nakimbilia jikoni. Huko jikoni nilikuwa na majibu mazuri sana. Niliwapa kuku.

Ikawa hivyo kila siku: mimi nafunga, yeye anafungua, kidonda kinakauka na kupasuka. Tulilala kitanda kimoja, kwa hiyo nilimsikia akiugulia chini kwa chini. Niliogopa kwamba bibi atapoteza mguu kwa sababu mimi naona aibu kuongea.

Siku moja jua lilikuwa kali na maharage yametoa maua. Nilikuwa uani napepeta mahindi, bibi ameshafungua mguu wake kama kawaida. Nyuki mmoja akaja akatua kwenye shashi. Bibi akamfukuza kwa mkono. Akaja wa pili. Halafu wakaja wengi kama wameitwa mkutano wa kijiji.

"We mzee! Waite nyuki wako!"

"Wamefuata mali yao," babu akajibu, hata hakuinuka.

Bibi, ambaye tangu mavuno hakupiga hatua bila fimbo, aliruka. Fimbo huku, kigoda kule, bendeji inaburuta nyuma kama mkia, akaingia ndani na mlango paa! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye mahindi.

Nilipoingia alikuwa ameshika sikio lililovimba. "Njoo ufunge," alisema.

"Sifungi mpaka uahidi hutafungua tena."

Sauti ilitoka kwangu, lakini nilishtuka kama vile aliyesema ni mtu nyuma yangu. Bibi akaninyooshea mguu.

"Mke mwenzangu kumbe ana meno," alisema. "Haya. Naahidi. Funga."

Hakufungua tena. Baada ya Krismasi nesi alifungua mwenyewe, akainama, akanusa, akabonyeza pembeni.

"Hakinuki. Na kimesinyaa. Endeleeni hivi hivi." Kalamu hakuigusa. "Nani amekuweza, bibi?"

"Huyo hapo. Mkali huyo."

Nesi akanigeukia, nami nikatazama sakafu. Aibu yangu ilikuwa imesharudi.

Wakati wa kurudi bibi alimkataa punda. Alitembea mwenyewe, fimbo mkononi, akisalimia kila mtu barabarani, hata wasiomjua. Tulipofika kwenye mlima akachoka, akageuka amtafute punda. Babu alikuwa ameshampanda.

"Shuka, mzee," alimwambia, "kabla sijaita nyuki."