Kashne za Rangi ya Shule

Corona ilifika Kalembe kwa redio, na tajiri wetu njo alikuwa wa kwanza kuipokea. Mimi nilikuwa mshonaji kwenye baraza la duka lake. Yeye alitoka upande wa Butembo, mkatoliki kweli kweli, mtu wa sala asubuhi na bei mchana. Mimi nilitoka Bihambwe na mashine yangu kichwani, na lile baraza njo lilikuwa linanilishia watoto.

Mwaka ule nilikuwa namshonea nguo za shule. Tulipatana kwamba nikimaliza kazi atanipa kipande cha kitambaa cha bluu, rangi ya shule, nimshonee binti yangu mkubwa jupe, yaani sketi. Binti alikuwa mwaka wa sita, mtihani wa mwisho unamngoja, na jupe yake ya zamani ilikuwa imechakaa vibaya sana, ukisimama nyuma unaona mbele.

Mara shule zikafungwa. Marobota ya bluu yakabaki dukani yakituangalia.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka lingine, la mtu wa kwao kabisa, na hao wawili walikuwa wanapendana kanisani tu. Yule wa ng'ambo akaweka ndoo ya kunawa mikono mlangoni. Wetu akaweka ndoo mbili. Yule akaongeza sabuni. Wetu hakulala vizuri, asubuhi akaja na macho mekundu na wazo.

«Mama,» akaniambia, «ile bluu yote tuikate kashne.»

Kashne njo kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Hapa kwetu kila muuzaji anatoa matabishi, ile nyongeza ndogo ambayo asipoitoa mnunuzi anaona ameibiwa. Huyu anaongeza chumvi kidogo, yule kiberiti. Tajiri wetu akaamua matabishi yake sasa itakuwa kashne. Ukinunua, unapewa. Usipovaa, huingii.

«Na ile jupe ya mutoto, Papa?»

«Mama, dunia inakufa, weye unaniletea mambo ya jupe? Sisi hatuko watu wa kuuzisha tu. Tuko na responsabilite kwa raia.»

Responsabilite, yaani wajibu, ilikuwa yake, mikono ilikuwa yangu. Alisema yeye anatoa kitambaa, mimi nitoe kazi, kila mtu amtumikie Mungu kwa kile alicho nacho. Nilikasirika, sikufichi. Lakini baraza lilikuwa lake, nikashona mpaka mguu ukafa ganzi.

Kalembe yote ikawa ya bluu. Wazee wakitoka kwenye maharagwe yao, ungedhani ni wanafunzi waliochelewa darasani. Watu walinunua chumvi hata kama nyumbani wanayo. Chefu wa kijiji akaja kupiga picha na tajiri mbele ya zile ndoo mbili, akamsifu kwa moyo wake mkubwa. Yule wa ng'ambo alibaki na sabuni yake na marobota yake ya bluu, hakukata hata kipande. Tulimwita mchoyo. Mimi pia nilimwita hivyo.

Kisha redio ikasema wa mwaka wa sita watangulie kurudi, maana kuna mtihani. Wazazi wakashuka vilimani kutafuta nguo za shule. Kwetu bluu ilikuwa imekwisha, walikuwa wameivaa usoni. Wakavuka barabara, na mchoyo akapandisha bei huku akitabasamu. Bei ile mimi sikuiweza.

Tajiri alinikuta nimeinamia mashine, machozi yananitoka. Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa kashne zilizobaki.

«Fumua, Mama. Niliahidi, na miye niko muntu wa neno.»

Nilifumua. Hazikutosha, nikaongeza na za nyumbani kwangu zote, isipokuwa ile niliyokuwa nimevaa. Nikaunga kipande kwa kipande mpaka jupe ikatokea, mishono mingi kuliko kitambaa. Binti aliivaa, akazunguka, akacheka. Asubuhi ile nilimpenda tajiri kwa moyo wangu wote.

Jua halijapanda, binti huyo amerudi barazani.

«Wamenifukuza, Mama. Mwalimu amesema bila kashne siwezi ingia.»

Nikamtazama. Kashne zilimjaa kuanzia kiunoni mpaka magotini. Usoni hakuwa na hata moja.

Nikavua yangu, nikamfunga, nikamwambia akimbie. Alikimbia kweli, jupe ikimpigapiga miguuni, nami nikabaki namtazama mpaka akapotea kwenye kona ya shule.

Nilipogeuka, tajiri alikuwa mlangoni. Alisema kwa upole kabisa.

«Mama, pole, lakini sheria unaijua. Wateja wanatuangalia. Bila kashne, hapa kwa baraza haiwezekane.»

Nikabeba mashine kichwani, nikavuka barabara. Mchoyo alinionyesha ndoo yake, nikanawa mikono na sabuni. Halafu akaniuliza kama ninajua kushona jupe za bluu.