Mgongo wa Mtani Wangu

Enzi za Mjerumani, nilipokuwa kijana mwenye nguvu nyingi na uvivu mwingi, nilifanya kazi ya kuosha mashine za gari la moshi pale Korogwe. Nilikuwa nimetoka Handeni kwa miguu, Mzigua mkulima wa mahindi, na haikupita miaka mingi nikaanza kujiona fundi.

Kulikuwa na mashine moja iliyosifika kwa mbio. Ilipanda kwenda Mkumbara na mabehewa yamejaa, kuku wa Kwamndolwa wakitimka njiani. Kisha ikazeeka. Ikifika penye mwinuko inakohoa, mwendo unakufa, na abiria wanashuka kutembea kando yake huku wakipiga soga na waliobaki ndani.

Mimi nilijua kwa nini. Maji ya mtoni yakichemshwa siku nyingi huacha ukoko ndani ya tangi, kama ule wa chungu cha ugali. Ukiwa mnene, moto unawaka bure, maji hayapati joto. Kazi yangu ilikuwa kufungua vizibo vyote vya tangi kila Jumapili na kuukwangua ukoko huo. Vya juu nilivifungua. Vya chini vilitaka mtu alale chali matopeni na kupigana na kutu, na hivyo nilikuwa nimeviruka kwa miezi. Hakuna aliyeinama kutazama.

Mchochea moto wa mashine hiyo alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu. Wazigua na Wanyamwezi wametaniana tangu siku za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi. Nikimtukana hakasiriki, akininyang'anya kofia siidai. Siku moja bwana fundi, Mjerumani aliyekijua Kiswahili kuliko alivyotujua sisi, alitukusanya akauliza kwa nini mashine imeishiwa nguvu.

"Bwana, muulize huyu Mnyamwezi," nikadakia. "Akiona moto anadhani amefika kambini. Anatua mzigo, analala."

Tulicheka wote, naye mtani wangu akiwa wa kwanza. Bwana fundi hakucheka.

"Analala?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba ni utani. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilijua swali litakalofuata lingehusu vizibo, nikalimeza, nikatazama chini.

Alichapwa hamsa ishirini asubuhi ile ile, viboko ishirini na tano, mbele yetu sote. Nilisimama pale mpaka cha mwisho kwa sababu sikuwa na ujasiri hata wa kuondoka.

Jioni alikuja kwangu akitembea upande upande, akamkamata jogoo wangu, kama mtani anavyoruhusiwa. "Mzigua, mdomo wako umenitoa ngozi," akasema, akacheka. "Jogoo huyu ndiye fidia. Tumemaliza." Nilitamani anipige.

Jumapili iliyofuata nililala matopeni tangu alfajiri. Nilifungua kila kizibo mpaka vidole vikachubuka, nikakwangua ukoko wa kujaza vikapu viwili, nikaenda kuumwaga mtoni. Nilijidanganya kwamba ninalipa. Jumatatu mashine ilipanda kwenda Mkumbara kwa mbio zake za zamani, na hakuna abiria aliyeshuka.

Bwana fundi akajipiga paja. "Mnaona? Kiboko kimemwamsha."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kwa kuiponya mashine kimya kimya, nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi ya mtani wangu mara ya pili. Wote waliamini. Kibaya zaidi, hata yeye aliamini. "Mtani," aliniambia siku moja tukinywa uji, "labda kweli nilikuwa nasinzia. Joto lile humlewesha mtu."

Nikamjibu, "Labda." Ndiyo, nilimjibu hivyo, na uji wangu nikaumaliza.

Miaka ikapita, akafia hapo hapo Korogwe, mbali na kwao, na sisi watani ndio tuliomzika. Desturi humtaka mtani amwigize marehemu ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Watu wakaniita: "Mzigua, tuonyeshe alivyokuwa analala penye moto!" Mkewe, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akainua uso, ameshaanza kutabasamu, akinisubiri.

Nikaketi kando ya kaburi, nikainamisha kichwa, nikakoroma.