Mgongo wa Fundi Gershom

Kwa miaka mitatu, Nguma aliujua mgongo wa Fundi Gershom kuliko uso wake. Katika karakana ile ya Changamwe alifagia maranda, akanoa misumeno, akapiga randa mpaka viganja vikatoa damu. Lakini kila ilipofika saa ya kuunga mbao, mzee alimgeuzia mgongo, akainama, akaificha mikono yake.

"Nionyeshe, fundi."

"Kesho, Mungu akipenda."

Mwaka wa arubaini na tatu, vita vikiendelea, mbao na misumari vyote vilikwenda jeshini. Mzee akashikwa na homa, na siku ya tatu akafa, hajaonyesha kitu. Kanze, mjane wake, akamwita Nguma.

"Mwanangu, mtengenezee fundi wako jeneza. Mbao zilizobaki ni za kitanda chake tu."

Nguma akakibomoa kitanda. Alipong'oa mguu wa kwanza, akaiona siri yote: ulimi wa mbao uliochomekwa tunduni, na kabari ndogo kama kidole gumba ikiubana. Basi! Hicho ndicho alichofichwa miaka mitatu. Alilia, na hakuwa akimlilia marehemu. Kisha akaunga jeneza vivyo hivyo, bila msumari hata mmoja, likabebwa hadi kaburini na lisilegee.

Baadaye karakana ikawa yake, naye akapata mwanagenzi kutoka Mtopanga. Siku moja kijana yule alisogea achungulie Nguma anavyochonga ulimi.

Nguma aligeuka tu, akampa mgongo.