Marehemu Aliyeandikwa Hakupatikana

Wodi ya upasuaji ilimlea kwa ngumi. Katika miaka ishirini ya unesi alipigwa teke na mlevi aliyekuwa akifungwa bandeji, akang'atwa mkono na mwanamke aliyezinduka vibaya kutoka kwenye dawa ya usingizi, na yeye mwenyewe, siku moja asiyopenda kuikumbuka, alimzaba kofi mgonjwa aliyechomoa dripu mara tatu. Hakuwa malaika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na mumewe, fundi cherehani mpole, alizoea kuwaambia majirani kwamba katika nyumba ile suruali anashona yeye lakini anavaa mkewe.

Magoti yalipoanza kumlalamikia, hospitali ilimtoa kwenye zamu za wodini ikampa kazi ya utafiti. Madaktari walitaka kujua jambo moja tu: mtu akipasuliwa tumbo, je, kubadilisha glavu na vyombo kabla ya kumshona kunapunguza vidonda kuoza? Nusu ya wagonjwa walishonwa kwa glavu zilezile zilizoingia tumboni, nusu kwa glavu na vyombo vipya, na bahasha iliyofungwa ndiyo iliyoamua nani aangukie upande gani. Zamu ya mama huyu ilikuwa siku ya thelathini. Siku hiyo alimpigia mtu simu, au akafunga safari hadi kwake, akamwambia apandishe shati, akalitazama kovu, akaandika: amepona, ana usaha, amefariki. Asiyeonekana kabisa aliandikwa "hakupatikana". Hospitali nzima ikamwita Bi Thelathini, naye akaitika.

Mgonjwa wa mia moja na kumi na mbili alikuwa fundi bomba. Aliletwa asubuhi, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake, matumbo yamefunikwa kwa shati lake mwenyewe. Mpangaji mwenzake alimchoma kisu wakigombea foleni ya maji. Daktari bingwa alishona utumbo wake mahali panne. Siku ya kumi akaruhusiwa, akatoka akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai, na mkononi ana kadi yenye namba ya simu: ukiona homa, uvimbe au usaha, piga hapa.

Siku ya thelathini ilipotimia, Bi Thelathini alipiga namba ya fundi bomba. Ikapokelewa na sauti nzito, isiyo yake.

"Wewe ndiye wa hospitali?"

Akasema ndiye, akaeleza kwamba anataka tu kujua hali ya kidonda.

"Njoo. Tunakungoja."

Hakuona ubaya. Watu wengi walipenda kutembelewa, na wapo waliomwandalia kiti tangu asubuhi. Akatia fomu zake kwenye mkoba, akashika njia mchana huohuo.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mageti mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, hayajapakwa rangi, na hewa ilinuka chuma kilichoungua. Mwenye karakana, kaka mkubwa wa fundi bomba, alikuwa jitu la mtu, mikono ina makovu madogomadogo ya cheche. Hakumsalimia. Alimpita, akafunga geti, akapitisha komeo. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akabonyeza, na simu ya utafiti ikaanza kulia ndani ya mkoba wa Bi Thelathini.

"Kumbe inalia," akasema.

Hapo ndipo mama wa watu alipokumbuka. Simu ile ilikuwa ya mradi, na utaratibu ulikuwa kwamba mwisho wa wiki haitoki ofisini. Ijumaa jioni inafungiwa kwenye droo, Jumatatu inatolewa. Siku kumi zilizopita, Jumatatu moja, aliikuta imezimika chaji. Alipoichomeka kwenye umeme aliona simu kumi na moja kutoka namba asiyoijua. Alirudisha mara moja, haikupokelewa, akaendelea na shughuli zake. Saa ile alipopiga, sasa alielewa, watu walikuwa makaburini.

Haya yote yalimjia kwa mkupuo, kabla hajafungua mdomo. Na alipoufungua, likatoka lile neno ambalo ulimi wake ulikuwa umelizoea kwa miaka, kama fundi anavyonyoosha mkono kuchukua nyundo bila kutazama.

"Alifariki lini?"

Nondo ilimpata kwenye mkono wa kulia. Aliusikia mfupa kabla ya kuyasikia maumivu. Mkoba ukaanguka, fomu zikatawanyika kwenye vumbi la chuma, naye akaanguka juu yake. Ya pili ilimpiga mbavu za kushoto. Ya tatu ilishuka palepale, chini kidogo, na pumzi yote ikamtoka. Kisha jamaa akaitupa nondo, kana kwamba inamweka mbali mno na kazi yenyewe, akaanza kutumia mguu. Alikuwa amevaa buti za kazi zenye chuma puani. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, kila teke na simu yake.

Alipofika saba, mama yao mzazi alitoka uani, mwanamke mwembamba mwenye khanga kichwani, akajitupa juu ya mgeni. Teke la nane likampata yeye mgongoni. Ndipo mwanawe alipokoma, akaketi juu ya tangi la gesi, akaificha sura mikononi.

Jirani mmoja, mpaka rangi, alisaidia kumpakia Bi Thelathini kwenye pikapu, kati ya mageti mawili yaliyokuwa yakisubiri kupelekwa kwa wenyewe. Njia nzima yale mashimo yalimtafuna. Alilala akitazama pau za chuma, tumbo likimvimba na kukaza, na yale aliyoyaona kwa wengine miaka ishirini akayajua sasa kwa ndani: kiu isiyo na mwisho, baridi kwenye midomo, moyo unaokimbia huku mwili umelala. Akajua anavuja damu ndani. Akajua pia, bila kuambiwa, kwamba ni bandama.

Daktari bingwa alipomwona alisimama kidogo, halafu akaanza kutoa amri. Nesi wa utafiti, aliyekuwa akigawana naye meza na chai kila siku, aliishika bahasha akasita, akasema huyu tumwache, huyu ni mwenzetu.

"Niandike," Bi Thelathini akamwambia. "Hili nalo ni tumbo kama matumbo mengine."

Akatia dole gumba la kushoto kwenye fomu ya ridhaa, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa ukining'inia kama soksi iliyotiwa mchanga.

Walimtoa bandama na damu ya kujaza beseni. Aliamka ameshonwa kuanzia kifuani hadi chini ya kitovu. Siku ya saba kidonda kikapata moto. Siku ya nane kikafunguka upande wa chini, usaha ukatoka na harufu yake, na nesi akawa anaingiza shashi kwa koleo kila asubuhi na kuitoa. Bi Thelathini aliyewahi kuwaambia maelfu ya watu "vumilia kidogo tu" alitukana matusi ambayo mumewe hakujua kwamba anayajua. Kati ya bandeji na bandeji alilala akifikiria jinsi atakavyomvunja yule mchomeaji vidole, kimoja baada ya kingine, akianzia na kile cha kubonyezea simu. Hakuona haya kwa mawazo hayo. Yalimpa nguvu za kula.

Polisi walikwisha kumkamata jamaa, wala hakukimbia.

Siku ya kumi na mbili yule mama mwembamba alikuja wodini. Fundi cherehani alipojua ni nani aliinuka, mtu ambaye hajawahi kupiga hata mbuzi, akamwambia atoke kabla hajasahau kwamba yeye ni mtu mzima. Mama hakutoka. Alisimama pembeni ya kitanda, ameinama upande mmoja kwa ajili ya lile teke, mpaka Bi Thelathini akasema mwacheni akae.

Akasimulia. Homa ilianza Alhamisi. Ijumaa tumbo likavimba. Jumamosi nyuzi zikafumuka na kidonda kikaachama. Wakapiga simu, ikaita weee, haikushikwa. Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa. Jumapili, siku ya kumi na tisa tangu apasuliwe, kaka mtu alimbeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari, huku bado anapiga kwa mkono mmoja. Fundi bomba alikata roho palepale mgongoni, na kaka yake akatembea naye hatua nyingi akimsemesha, hajui.

Bi Thelathini alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba nesi fomu ya mia moja na kumi na mbili, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za mtoto: amefariki, siku ya kumi na tisa, kidonda kilioza.

Mama akaona huo ndio wakati. Akamshika mguu juu ya shuka, akamwomba awaambie polisi wamwachie yule mwingine, kwa kuwa hana tena mtoto mwingine.

"Mama yangu, wewe umeniokoa, na kifo cha mwanao nimekiandika," akamjibu. "Lakini huyo simwombei. Alinipiga nikiwa chini."

Mama akaondoka. Bi Thelathini akageukia ukuta, akalia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira nyingine ilikuwa ya droo.

Alirudi kazini baada ya miezi mitatu, mkono umeunga vibaya na hauwezi kunyooka. Akakuta kwenye daftari fundi bomba bado ameandikwa hakupatikana. Mtunza takwimu alisema maneno ya mama hayatoshi, panatakiwa cheti cha kifo. Daktari bingwa akaongeza kwa upole kwamba waliopotea wapo katika kila utafiti, na huyu ni mmoja tu. Kikao kilikuwa na watu sita. Bi Thelathini aliupiga ule mkono wake mbovu mezani, glasi ya maji ikaanguka ikavunjika.

"Mfu mkimwita amepotea, mnajisifu kwa maiti," akasema. "Wangapi wengine wamepotea hivi?"

Walikuwa ishirini na watatu. Alizunguka kuwatafuta mmoja mmoja, safari hii akifuatana na mumewe, ambaye alikuwa amefunga cherehani yake na kukataa kumwacha aende peke yake. Walitukanwa, wakafunguliwa mbwa, na nyumba moja mwanamke aliwamwagia maji ya kufulia kabla ya kuanza kulia. Wanane, hata watu wa mitaa yao hawakujua tena waliko. Tisa walikuwa hai. Sita walikuwa wamekufa, na wanne kati ya hao kwa vidonda. Daktari bingwa alizisoma zile fomu sita amesimama, akazirudia, akasema ziingizwe zote. Na ya fundi bomba. Tangu wiki hiyo simu ikawa inapokelewa kwa zamu, na aliyeizima kwa uzembe alikiona cha mtema kuni mikononi mwa Bi Thelathini.

Mahakamani aliulizwa na wakili wa mshtakiwa kama ni kweli simu kumi na moja hazikujibiwa. Akasema ni kweli, na iliyokuwa ikiitunza simu ile ni mikono yake. Mwendesha mashtaka akamkazia macho, maana hakumtuma aseme hivyo. Kisha akaulizwa kuhusu nondo, akavuta mkono wa gauni, akauonyesha ule mkono kwa hakimu bila kupunguza neno. Mchomeaji akahukumiwa miaka minne. Alipopitishwa mbele yake na pingu alisimama, akautazama ule mkono. Askari akamsukuma.

Utafiti ulipofungwa na bahasha zikafunguliwa, waliooza vidonda upande wa glavu mpya walikuwa wachache kuliko wa upande mwingine. Nesi mwenzake alitaka kumwambia bahasha yake ilisema nini. Akakataa kusikia, akasema alikuwa na hamu ya kumpiga mtu mmoja tu duniani, na hana haja ya kuongezewa wa pili, aliyemshona.