Umati Hauna Jina

Ijumaa Kuu nilisali Segese, katika kanisa lililojaa wachimbaji. Inaposomwa habari ya mateso, padri husema maneno ya Yesu, msomaji husimulia, na sisi waumini ndio umati. Zamu yetu ilipofika tukasema kwa sauti moja: "Asulubiwe."

Mama mmoja aliyesimama kando yangu aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Ibada ilipokwisha, katekista akamfuata mlangoni.

"Mama Masanja, nilikuona. Pale panasomwa na waumini wote."

"Najua, mwalimu. Masanja wangu walipomshika kule shimoni, wakidai ameiba mawe ya dhahabu, alianza mmoja kusema auawe. Wengine wakaitikia, hivyo hivyo kama leo."

Katekista alishusha sauti. "Lakini haya ni masomo tu, mama."

"Basi waliosoma kwa nguvu ni wale," akasema, akiwaelekeza kwa midomo wanaume waliokuwa wakisalimiana uwanjani.

Injili inamtaja Pilato, inamtaja Baraba, na hata Simoni aliyebeba msalaba ana jina lake. Umati hauna. Masanja alipouawa, gazeti hili nalo liliandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", na hadi leo hakuna aliyekamatwa. Wananchi hao tunasali nao. Kila Jumapili padri anapotuambia tutakiane amani, mama yake Masanja huwapa mkono, mmoja mmoja.