Masika Aliyoyaruka Dada

Dada yangu aliingia nyumbani kwangu, mtaa wa Jadida hapa Wete, bila kuvua viatu, na kwa mtu wa tabia yake hilo lilitosha kunijulisha kuwa kuna jambo. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Akaiweka mezani, juu ya madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nikiyasahihisha, akakaa.

"Mwalimu," akasema. Akiniita hivyo huwa amekasirika. "Hebu nisomee. Mie nimesomewa ofisini Chake Chake, sikufahamu."

"Hukufahamu au hukukubali?"

"Soma, we mwana!"

Barua ilikuwa fupi. Ilisema umri wake wa kustaafu umefika na michango yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii imeonekana, lakini miezi aliyochangia haijatimia ile inayotakiwa ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi. Ilikuwa imebaki miezi kumi na tisa.

"Kumi na tisa," akasema. "Mie niliyelipa mara mbili! Hoteli ikinikata, na mwenyewe nikipeleka. Mwenye kulipa mara mbili ndiye apungukiwe?"

Swali hilo ni zuri, na wengi wanalo, kwa hivyo nitalieleza taratibu kama nilivyolazimika kujieleza mwenyewe kwanza.

Dada alikuwa mpishi katika hoteli ndogo ya wageni huku kaskazini Pemba. Hiyo ilikuwa ajira yenye mkataba: kila mwezi mwajiri alikata sehemu ya mshahara wake, akaongeza sehemu yake mwenyewe, akapeleka zote kwenye mfuko. Mwajiri huyo hakuruka hata mwezi mmoja wa kazi, namshuhudia kwa hilo. Dada akirudi nyumbani alikuwa na kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyonisomesha mimi tangu baba alipofariki: kupika mkate wa kumimina, ule wa mchele unaopaliwa makaa chini na juu, na kuuza. Mkate wa harusi, mkate wa hitima, mkate wa futari. Kazi hiyo haikuwa na bosi, kwa hivyo hakuna aliyemkatia. Lakini mfuko una mlango wa waliojiajiri, na mtu mwenye kazi mbili haambiwi achague mmoja. Dada alipita milango yote miwili. Huku alikatwa, na huku alijipeleka mwenyewe.

Tamaa yake katika yote hayo ilikuwa ndogo na aliisema wazi. Ni mjane, ana watoto wawili wa kiume, mmoja Unguja na mmoja hapa Wete, na wote wawili ni wema. Lakini alikuwa akisema:

"Wananipa, Mungu awazidishie. Ila nikitaka sukari naanza kuuliza hali ya mkwe, niulize wajukuu, niulize kazi, mpaka nifike kwenye sukari maji yameshapoa. Nataka nende dukani nisimwambie mtu."

Ndiyo pensheni aliyoitaka. Ya kwenda dukani bila kumwambia mtu.

Siku ya pili baada ya laasiri nilikwenda kwake. Dada ana desturi ya kuhifadhi kalenda za ukutani, kwa sababu humo ndimo anamoandika oda za mikate: harusi ya fulani, mikate minane. Tukazitoa zote chini ya kitanda, tukazitandaza mkekani, na pamoja nazo stakabadhi zake. Nikachukua kalamu mbili. Kila mwezi ambao hoteli ilimkata niliuzungushia duara jekundu. Kila mwezi aliolipa mwenyewe niliupigia mstari wa buluu chini yake.

Tulipomaliza mwaka wa kwanza aliendelea kupanga stakabadhi. Wa pili vilevile. Wa tatu akaniondoa mkono, akainama kutazama.

Miezi ya msimu wa wageni ilikuwa na duara na mstari, vyote viwili pamoja. Miezi ya masika ilikuwa mitupu. Mwaka hadi mwaka, mvua kubwa zikianza hoteli hufungwa, wafanyakazi hurudi makwao bila mshahara, na pasipo mshahara hakuna kinachokatwa. Na yeye mwenyewe masika hakulipa, kwa kuwa ndio wakati ambao harusi ni chache na makaa yameroa.

"Dada," nikamwambia, "siku moja ya Ramadhani unaweza kuifunga mara mbili?"

"Astaghfirullah. Mara mbili vipi?"

"Basi na mwezi ni hivyo hivyo. Ukilipiwa na hoteli, mwezi huo umeshahesabiwa. Ukiulipa tena kwa mkate wako, haugeuki miezi miwili."

Akatazama miezi mitupu. "Na hii ndiyo niliyokula mchana."

"Ndiyo."

Mimi nikadhani amevunjika moyo, kumbe alikuwa anaipitisha habari ile jikoni kwake. "Kama mkate," akasema mwishowe. "Unatia moto chini, unatia moto juu, lakini chunguni unatoka mkate mmoja."

Nimesomesha hesabu miaka mingi na sijapata kusikia mwanafunzi aliyejifafanulia vizuri kuliko hivyo. Nikamjibu, "Lakini wenye moto juu na chini unaiva vizuri zaidi. Fedha uliyolipa mara mbili haikupotea, naamini itaongeza kiwango. Kilichopungua ni idadi ya mikate."

Ndipo akainua uso. "Kwani nani aliyenambia nilipe msimu, masika nipumzike?"

Hapo nilitamani mtu apige hodi. Hakutokea. Miaka yote ile, alipokuja kuniuliza alipe lini, nilimwambia alipe wakati mkono una kitu. Nilidhani nampunguzia mzigo. Sikuuliza ofisini wala sikusoma kanuni, na yeye hakuuliza kwa kuwa mdogo wake ni mwalimu.

"Mie," nikasema.

"Na hesabu unasomesha!"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hajanilaumu tena tangu siku hiyo, ingawa kila akija mgeni humhadithia.

Wiki ile tukaenda wote wawili ofisini Chake. Kijana wa dirishani alimwamkia kwa adabu, akamkalisha, akafungua kumbukumbu zake. Zikalingana na kalenda zetu mwezi kwa mwezi.

"Bi mkubwa, siku ile nilikueleza haya ukanambia umefahamu," akasema kwa upole.

"Ulinieleza kwa adabu sana, mwanangu. Nikaona haya kukwambia sikufahamu."

Kijana akacheka, akaanza upya. Fedha alizolipa mara mbili zitaongeza kiwango cha pensheni, kama nilivyodhani. Njia zilikuwa mbili: achukue michango yake sasa kwa mkupuo na mambo yaishe, au aendelee kuchangia kwa mlango wa waliojiajiri, mwezi kwa mwezi, mpaka kumi na tisa itimie, ndipo aanze pensheni ya maisha.

"Mkupuo utakaa kwangu siku ngapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha kijana kwa kidevu. Nilikuwa nimeshajibu mengi. Akamgeukia kijana: "Andika naendelea. Na masika namo."

Jioni yake mtoto wake wa Unguja akapiga simu. Alikuwa ameshasikia, akataka kumlipia mama yake miezi yote. Dada aliweka simu sauti ya juu, kwa hivyo nilisikia.

"Mama, kwani taabu ya nini? Nitapeleka mimi."

"Ukipeleka weye itakuwa pensheni yako, baba. Nitaanza tena kuuliza hali ya mkwe."

"Mama!"

"Nisalimie wajukuu. Wambie bibi yao ana kazi."

Hotelini alikuwa ameshastaafu, kwa hivyo sasa ulibaki mkate peke yake. Masika ya kwanza aliyapita kwa oda za futari za Ramadhani iliyokuwa karibu. Ya pili yalikuwa magumu. Mvua haikukata, harusi zikasogezwa mbele, na wateja wa mtaani walikuwa na shida zao. Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, nilichungulia dirisha la ofisi ya walimu nikamwona dada kwenye lango la skuli, sinia kichwani limefunikwa nailoni, mwavuli mkono mmoja, sketi imeroa hadi magotini.

Nasema kweli, hisia ya kwanza ilikuwa aibu. Nilirudi nyuma ya dirisha.

"Mwalimu!" mwenzangu mmoja akaita. "Dada'ko kaja kutulisha, na weye wajificha? Au huu mkate una deni lako?"

Wakacheka wote. Dada akaingia, akatua sinia, akasalimu mmoja mmoja. Akakata mkate vipande kwa kisu alichokuja nacho, wa moto bado, hiliki inanukia chumba kizima. Mwalimu mkuu akaonja, akauliza kama anaweza kuletewa kila siku kwa chai ya walimu.

"Kila siku ya masika," dada akasema. "Msimu nitakuwa na harusi."

Nilichukua sinia tupu nikalibeba mwenyewe hadi langoni, kichwani, wanafunzi wangu wakitazama. Nilitaka watazame.

Mwezi wa kumi na tisa aliulipa kama alivyolipa mingine, akaweka stakabadhi kwenye bahasha ile ile ya kaki. Tukajaza fomu, tukarudi Wete kungoja. Nilimwambia pensheni ya kwanza ikiingia anambie, tufuatane, maana nilitaka kuona uso wake. Nilikuwa hata nimepanga siku.

Wiki kadhaa baadaye nilipita dukani kununua sabuni. Mwenye duka akanambia, "Dada'ko kapita jana. Kachukua sukari kilo mbili, majani ya chai, na kanga. Nikamwuliza, leo mwalimu yuko wapi? Akanambia: hajui kama nimekuja."

Nilisimama pale na sabuni yangu mkononi. Alikuwa amekwenda bila kumwambia mtu, hata mimi.