Viti vya Musili na Uzi wa Kiondo

Na wacha waendelee kusema eti Musili alianza kushona viti kwa sababu hakuwa na kazi. Waongo! Hao hao ndio walicheka mpaka wakatoa machozi siku Shemasi Nzau alianguka. Leo wanataka kupigwa picha na Musili. Watu hawana haya.

Musili alirudi nyumbani Muthetheni kutoka Mavoko akiwa na vidole viwili tu kwa mkono wa kulia. Vingine vitatu vilibaki kwa mashine ya kukata mabati. Alikuwa anavaa sweta mchana, na jua la huku unalijua, kwa sababu hiyo sweta ilikuwa na mfuko mkubwa wa kuficha mkono. Kanisani watu wakisalimiana alikuwa anatoa wa kushoto. Wengine walidhani ni madharau. Wale walijua, walimwangalia na ile huruma ya kukera, kama mtu anaangalia mbuzi mgonjwa. Mwishowe akaacha kwenda. Akakaa nyuma ya jiko la mamake, Kamene, mwaka mzima, yeye na kuku.

Hapo nyuma ya jiko ndipo chama cha akina mama kilikuwa kinarundika viti vyao vya kukodisha vikishapasuka, zile za plastiki za matanga na harusi. Siku moja, kwa kuchoka tu na kuangalia kuku, Musili akachukua waya na akaanza kushona. Akamaliza vinane. Vikapelekwa kanisani kwa sherehe ya mavuno.

Shemasi Nzau ni mtu ya kilo. Alikaa na sahani yake ya muthokoi, akashika kijiko, na waya ikakata plastiki kama mandazi. Shemasi chini, miguu juu, muthokoi kwa tai.

"Fundi!" Jeff wa bodaboda akapiga kelele. "Hiki ni kiti ama ni mtego wa panya?"

Musili akaenda nyumbani mikono yote miwili ikiwa mfukoni.

Kamene alimpata hapo nyuma ya jiko, amegeuzia rundo mgongo. Akakalia ndoo, mapajani kiondo chake, kile kikapu alichokuwa anasuka, akavuta kile kiti kilichoangusha shemasi.

"Mama, mwaitu, niachie hiyo kitu."

"Nyamaza. Angalia. Mtu akikaa, kiti kinajikunja kidogo. Waya nayo haitaki kujikunja. Sasa kati yao ni nani atapasuka?"

"Plastiki."

"Eeh. Chukua uzi wangu. Huu ukivutwa unakubali, halafu unarudi. Na kabla ushone, choma msumari utoboe shimo pale ufa umeishia, ndio usiendelee kutembea."

Musili akajaribu. Mkono wa kushoto unaweza kusukuma sindano ya gunia, lakini nani atakaza uzi? Ukawa unalegea. Akatupa sindano.

"Leta huo mkono," Kamene akasema.

"Upi?"

"Usinifanye mjinga, Musili."

Akautoa. Mamake akaweka uzi katikati ya vile vidole viwili. Tangu hospitali hakuna mtu alikuwa ameushika.

"Kaza."

Akakaza. Uzi ukashikwa kama na koleo, haukutoka. Kamene akauvuta kwa nguvu zake zote, wapi!

"Asi! Huu mkono ni mzuri kuliko wangu. Wangu siku hizi unatetemeka."

Kuanzia hapo hakulala mchana tena. Na hakuwa anaficha ufa. Ukipinda, anapinda nao. Nyekundu, nyeusi, ile rangi ya udongo, mishono imelala mmoja kando ya mwenzake vile kiondo husukwa, kwa mgongo wa kiti cheupe. Kiti kipya hakina hiyo urembo, usidanganywe.

Lakini Ndila, mwenyekiti wa chama, alikuwa bado na ile aibu ya shemasi. Akasema Jumamosi lori ya kununua plastiki inakuja, na viti vyote vilivyovunjika vitaenda, vilivyoshonwa na ambavyo havijashonwa. "Chama si jaa la takataka." Musili akajua viti vikienda, yeye anarudi kukaa na kuku, na safari hii hatatoka.

Jumamosi akabeba kiti kimoja begani mpaka kwa mkutano wa chama, kanisani. Lori ilikuwa imeshafika.

"Mama Ndila, mpeane mtu akikalie."

"Nani? Mimi? Niko na mgongo!"

"Mimi nitakalia," mtu akasema kutoka mlangoni. Shemasi Nzau. Akakuja polepole, akazunguka kiti, akapapasa ile mishono.

"Kijana, ni wewe umeshona hii?"

"Ni mimi."

"Na mkono gani?"

Mfukoni vile vidole viwili vilikuwa vimeshikana. Musili akavitoa, mbele ya akina mama wote.

"Huu."

Shemasi akautazama bila ile sura ya mbuzi mgonjwa. Akageuka, akashika tumbo, akaangalia juu. "Bwana, unanijua." Akakaa.

Kiti kikalia kwii. Uzi ukavutika, ukavutika, halafu ukarudi. Shemasi akaruka-ruka hapo juu mara mbili, akina mama wakapiga nduru.

"Leteni chai," akasema. "Mimi hapa sitoki." Akanyoosha mkono wa kulia, na Musili akampa wake wa kulia.

Ndila hakubalingi kushindwa. Alimwambia tu dereva wa lori aende, halafu akasema, "Zile za uzi mwekundu ziwekwe mbele, kwa wageni."

Sasa wewe. Hicho kiti umetupa nyuma ya choo, kitoe. Kipeleke Muthetheni siku ya soko, uliza Musili. Na ukimpata usimletee mkono wa kushoto na sura ya matanga. Mpe wa kulia, na ukaze.